Washington, DC: walipa kodi wenye mbunge asiye na kura. Harakati za wananchi zimefika wapi, na kwa nini hukwama?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Tarehe 29 Septemba 1986 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 313 dhidi ya 83 kutengua kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan, ambaye alikuwa ameikataa sheria ya kuiwekea vikwazo Afrika Kusini ya makaburu. Siku chache baadaye Seneti ikafanya vivyo hivyo kwa kura 78 dhidi ya 21, na vikwazo vikawa sheria. Wengi wetu tunalikumbuka tukio hilo kwa sababu nchi zetu zilibeba mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lisilosemwa sana ni kwamba mmoja wa watu walioliwasha vuguvugu lile ndani ya Marekani alikuwa ndani ya Baraza hilohilo na hakuruhusiwa kupiga kura. Huyo ni Mchungaji Walter Fauntroy, ambaye tarehe 21 Novemba 1984 alikamatwa na polisi pamoja na Randall Robinson na Mary Frances Berry baada ya kugoma kutoka ndani ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Fauntroy alikuwa na ofisi bungeni, alikuwa na haki ya kuhutubia Baraza na ya kupiga kura katika kamati alizopangiwa, lakini ulipofika wakati wa kuamua hatima ya mswada katika kikao cha Baraza zima hakuhesabiwa, kwa kuwa watu waliomchagua walikuwa wakazi wa mji mkuu, Washington, DC (Wilaya ya Columbia), ambao si jimbo.

Hali hiyo haijabadilika. Eleanor Holmes Norton, ambaye siku ile ya mgomo wa ubalozini ndiye aliyetoka nje kuwaeleza waandishi wa habari kilichokuwa kikiendelea, aliirithi nafasi ya Fauntroy mwaka 1991 akakuta pingu zilezile. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakazi 689,545 katika jiji hilo, ambao ni wengi kuliko watu wa Wyoming (576,851) na wa Vermont (643,077), majimbo ambayo kila moja lina maseneta wawili na mwakilishi mmoja wenye kura kamili. Wakazi wa DC hulipa kodi ya mapato ya serikali kuu kama Wamarekani wengine, na kwa wastani wa kila kichwa hulipa zaidi ya watu wa jimbo lolote. Vijana wao walichukuliwa jeshini kwa lazima nyakati za vita kama vijana wengine. Katika Seneti hawana mtu kabisa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona kesi ya DC huelezwa kama fumbo la kisheria la Wamarekani, ilhali kiini chake ni swali linalomhusu yeyote anayeandaa harakati za wananchi: watu ambao hawana mbunge wa kumwadhibu kwenye sanduku la kura watapata wapi nguvu ya kulilazimisha Bunge liwasikilize? Jibu langu, ambalo nitalitetea kwa historia, ni kwamba harakati za DC zilipiga hatua kubwa zilipowafuata wapiga kura wa majimbo mengine na kuwafanya walibebe jambo hili kama lao, na zilikwama kila zilipotegemea uzito wa hoja pekee.

Kwanza asili yake, kwa kifupi. Katiba ya mwaka 1787 ililipa Bunge mamlaka ya pekee juu ya eneo la makao makuu lisilozidi maili kumi kwa kumi. Ardhi ilitolewa na Maryland na Virginia, na kwa miaka michache wakazi waliendelea kupiga kura katika majimbo hayo, mpaka sheria ya mwaka 1801 ilipoliweka eneo zima chini ya Bunge na kura zao zikapotea. Mwaka 1867, Bunge likiipuuza kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson, wanaume weusi wa DC walipata haki ya kupiga kura za mitaa. Miaka 7 baadaye, yaani 1874, serikali ya kuchaguliwa ilifutwa na jiji likakabidhiwa makamishna wa kuteuliwa. Sababu rasmi ilikuwa madeni ya jiji. Seneta John Tyler Morgan wa Alabama alipoizungumzia hatua hiyo mwaka 1890 alikiri bila haya kuwa ghala lilichomwa ili kuwaondoa panya, na akafafanua kuwa panya ni watu weusi. Mtu akikuambia kwamba suala hili halina uhusiano na rangi, mkumbushe hotuba hiyo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa elimu. Naomba ufafanue jambo moja. Unasema watu hawa hawana mbunge mwenye kura, lakini nakumbuka wanamchagua Rais na wana meya wao. Hivyo vilipatikanaje, kama hawakuwa na mtu bungeni? Sisi hapa tumezoea kwamba jambo la mtaa halisogei bila mbunge kulisimamia.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umeuliza swali lenyewe hasa, nami nitalijibu kwa urefu.

Kura ya urais ilitokana na Marekebisho ya 23 ya Katiba yaliyoidhinishwa mwaka 1961, na wakazi wakaitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Wana wajumbe 3 katika hesabu ya kumchagua Rais. Hilo lilipita bila mapambano makubwa, kwa sababu halikumpunguzia mbunge yeyote mamlaka yake. Serikali ya mitaa ilikuwa na kisa tofauti, na hapa ndipo yalipo mafunzo.

Kwa miaka mingi Seneti ilikuwa ikipitisha miswada ya kuwapa wakazi haki ya kujichagulia viongozi wa jiji, na kila mara miswada hiyo ilifia katika kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyosimamia Wilaya ya Columbia. Mwenyekiti wa kamati hiyo, karibu mfululizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa John McMillan, mbunge wa South Carolina na mtetezi wa ubaguzi. Jiji ambalo tangu mwaka 1957 lilikuwa na watu weusi wengi kuliko weupe liliendeshwa na mtu aliyechaguliwa na wakulima wa tumbaku wa jimbo la mbali. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alipomteua Walter Washington, mtu mweusi, kuwa kamishna wa jiji, naye akapeleka bajeti yake ya kwanza bungeni, McMillan alimjibu kwa kumpelekea lori la matikiti maji. Wasomaji wasioifahamu Marekani wajue kwamba tikiti maji huko lilikuwa tusi la kale dhidi ya watu weusi.

Wananchi walijaribu kwanza nguvu waliyokuwa nayo mkononi, yaani fedha zao. Januari 1966 kijana mmoja wa kamati ya wanafunzi wapigania haki za raia, Marion Barry, aliongoza mgomo wa siku moja dhidi ya mabasi ya kampuni ya D.C. Transit iliyotaka kupandisha nauli. Watu walikwenda kazini kwa miguu na kwa magari ya kusaidiana, na mabasi katika njia nyingi yakapita karibu matupu. Mwezi uliofuata Barry na wenzake wakaanzisha vuguvugu la Free DC. Walizunguka madukani wakiwataka wafanyabiashara wabandike dirishani stika ya kuunga mkono serikali ya kuchaguliwa, na aliyekataa, wananchi waliacha kununua kwake. Mantiki yao ilikuwa kwamba umoja wa wafanyabiashara wakubwa ulikuwa ukiwashawishi wabunge waupinge mswada. Mwananchi asiye na mbunge angeweza angalau kumbana mwenye duka ambaye sauti yake ilifika bungeni. Vuguvugu lile halikupata sheria, lakini liliwafundisha watu wa mitaa ya kawaida, wapangaji na akina mama wa makanisani, kwamba uwakilishi si mazungumzo ya wanasheria peke yao.

Hatua ya pili ndiyo iliyozaa matunda. Mwaka 1970 Bunge lilikubali DC iwe na mjumbe asiye na kura, na Fauntroy akachaguliwa mwaka 1971. Alipofika bungeni alipiga hesabu. Aliona kwamba hana kura ya kubadilishana na mtu, lakini wabunge wa Kusini waliokuwa wakiizuia DC walikuwa sasa na wapiga kura weusi wengi majimboni mwao, kwa sababu Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ilikuwa imefungua milango ya uandikishaji. Wapiga kura hao wengi wao walikuwa waumini wa makanisa ya Kibaptisti, na Fauntroy alikuwa mchungaji wa kanisa la New Bethel aliyewahi kushiriki kuandaa maandamano makubwa ya haki za raia ya mwaka 1963 mjini Washington. Katika uchaguzi wa awali (ule wa chama kuteua mgombea wake) wa mwaka 1972 yeye na watu wake walisafiri hadi South Carolina, wakaingia kwenye makanisa ya jimbo la McMillan, wakawaeleza waumini kile ambacho mbunge wao alikuwa akikifanya Washington, na wakasaidia kuwatoa watu wakapige kura. McMillan, aliyekuwa bungeni tangu mwaka 1939, akashindwa ndani ya chama chake mwenyewe.

Kiti cha mwenyekiti kikaenda kwa Charles Diggs wa Michigan, mbunge mweusi aliyekuwa pia akiongoza kamati ndogo ya Baraza inayoshughulikia Afrika. Mwaka 1973, kabla hata mwaka haujaisha, sheria ya utawala wa ndani ilipita na Rais Nixon akaitia saini tarehe 24 Desemba. Walter Washington, yule aliyepelekewa matikiti maji, akachaguliwa na wananchi na kuanza kazi kama meya Januari 1975.

Naomba tulitazame vizuri jambo hili. Mswada uliokuwa umezuiwa kwa zaidi ya miaka 20 ulipita ndani ya takriban mwaka mmoja baada ya mtu mmoja kuondolewa na wapiga kura wake. Hoja za DC zilikuwa zilezile, na maandamano yalikuwa yameendelea muda wote. Kilichobadilika ni kwamba watu wa South Carolina walifanya uamuzi ambao watu wa DC hawakuwa na njia ya kuufanya wao wenyewe.

Mchangiaji, Silver Spring (Maryland)

Salaam kwenu nyote. Ninaishi upande huu wa Maryland, karibu na barabara ya Eastern Avenue ambayo ndiyo mpaka na DC, nami nataka kuongeza jinsi mpaka huo unavyoonekana katika maisha ya sisi tuliotoka Afrika Mashariki, kwa sababu tuko wengi hapa na hatulizungumzi jambo hili inavyostahili.

Mdogo wangu anaishi upande wa pili wa barabara hiyo. Tuliapa kiapo kilekile cha uraia na tunalipa kodi zilezile za serikali kuu. Mimi nina maseneta wawili na mwakilishi. Yeye ana mjumbe asiye na kura. Wakati kulipokuwa na mswada wa uhamiaji uliotugusa sote tulipiga simu katika ofisi za wabunge. Swali la kwanza ambalo mpokeaji simu huuliza ni msimbo wa posta wa mpigaji. Nilipotaja wangu, maoni yangu yaliandikwa. Mdogo wangu alipojaribu kwa maseneta wa kamati iliyohusika, aliambiwa kwa adabu kwamba ofisi hupokea maoni ya watu wa jimbo lake. Hakuna aliyemkosea heshima. Mfumo wenyewe haukuwa na mahali pa kumweka. Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, unaposema kwamba harakati hizi lazima zipitie kwa wapiga kura wa majimbo mengine, mimi nakubaliana nawe kwa sababu nimeliona hilo kwenye simu.

Nakumbusha pia kwamba mamlaka ya Bunge juu ya jiji si ya kinadharia. Mwaka 2022 halmashauri ya jiji ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura katika chaguzi za mitaa, jambo lililowahusu moja kwa moja jamaa zetu wenye kadi za ukaazi. Februari 2023 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuipinga. Iwe mtu anaiunga mkono sheria ile au haiungi mkono, ajiulize kwa nini mbunge wa Kentucky au wa Georgia awe na sauti katika hilo kuliko mkazi wa mtaa wa Petworth.

Mleta uzi

Dada, nakushukuru sana. Habari hiyo ya msimbo wa posta inaeleza zaidi ya kurasa nyingi za vitabu.

Niongeze mfano ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Kuanzia mwaka 1998 Bunge liliizuia DC kutumia fedha zake yenyewe, zilizotokana na kodi za jiji, katika mpango wa kubadilishana sindano ili watumiaji wa dawa za kulevya wasiambukizane VVU. Miji mingine ya Marekani iliruhusiwa kufanya hivyo kwa fedha zake. Katazo hilo liliondolewa mwishoni mwa mwaka 2007. Ripoti ya jiji ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba takriban asilimia 3 ya wakazi wenye umri zaidi ya miaka 12 walikuwa wamegunduliwa kuwa na VVU. Siwezi kusema kwamba maambukizi yote hayo yalitokana na katazo lile. Ninachosema ni kwamba wabunge walioliweka hawakuwa na mpiga kura hata mmoja katika mitaa iliyoathirika, na kwa hiyo hawakuwa na wa kuwauliza.

Sasa turudi kwenye mwenendo wa harakati zenyewe. Baada ya ushindi wa 1973 Fauntroy aliendelea na hesabu yake, na mwaka 1978 Bunge lilipitisha pendekezo la kubadili Katiba ili DC iwe na wawakilishi na maseneta kana kwamba ni jimbo. Theluthi mbili zilipatikana katika mabaraza yote mawili. Hata Seneta Strom Thurmond wa South Carolina, aliyegombea urais mwaka 1948 kwa tiketi ya ubaguzi, alilipigia kura ya ndiyo. Miaka 30 ilikuwa imepita, na watu weusi wa jimbo lake sasa walikuwa wapiga kura aliowahitaji.

Lakini marekebisho ya Katiba huhitaji idhini ya mabunge ya majimbo 38, na muda uliowekwa ulikuwa miaka 7. Hadi Agosti 1985 ni majimbo 16 tu yaliyoidhinisha. Hapa ndipo naona kosa kubwa la kimkakati katika historia nzima ya suala hili. Nguvu iliyotumika kuwashawishi watu mia chache bungeni haikutanguliwa na kazi ya mitaani katika majimbo ya magharibi na ya kati, ambako mwananchi wa kawaida hakuwa amewahi kusikia kwamba watu wa mji mkuu wake hawana mbunge. Wapinzani walihitaji kunyamaza tu mpaka muda upite, na wengi wao walifanya hivyo.

Kutoka hapo baadhi ya wananchi waliamua kudai jimbo kamili. Fikra hiyo ilikuwa imeanza na Julius Hobson, mpigania haki za raia aliyekuwa mmoja wa waasisi wa chama cha kudai jimbo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1980 wapiga kura wa DC waliunga mkono kuitishwa kwa mkutano wa kuandika katiba ya jimbo jipya, na mwaka 1990 wakachagua kwa mara ya kwanza maseneta wasiotambuliwa na Seneti, ambao kazi yao ni kulipigania jimbo. Jesse Jackson alikuwa mmoja wao. Mwaka 1993 watu wengi, akiwamo meya Sharon Pratt Kelly, walikubali kukamatwa katika maandamano ya amani karibu na jengo la Bunge. Mswada ulifikishwa mbele ya Baraza mwaka huohuo na kushindwa kwa kura 277 dhidi ya 153.

Kizazi kilichofuata, kilichokusanyika katika asasi kama DC Vote iliyoanzishwa mwaka 1998, kiliamua kutafuta ushindi mdogo kwanza. Ndicho kilichoibeba kaulimbiu ya kodi bila uwakilishi, iliyochapishwa kwenye vibao vya namba za magari ya DC tangu mwaka 2000, kwa Wamarekani waliofundishwa shuleni kwamba nchi yao ilizaliwa kwa malalamiko hayohayo dhidi ya mfalme wa Uingereza. Mkakati wao ulikuwa wa akili. Utah, jimbo la Republican, lilikuwa limekosa kiti cha ziada kwa tofauti ndogo sana baada ya sensa ya mwaka 2000. Mbunge Tom Davis wa Virginia, Mrepublican, akashirikiana na Norton kupendekeza kwamba DC ipewe mwakilishi mmoja mwenye kura na Utah iongezewe mmoja, ili uwiano wa vyama usivurugike. Tarehe 16 Aprili 2007, ambayo DC huiadhimisha kama siku ya kukombolewa kwa watumwa wa jiji hilo mwaka 1862, maelfu ya watu waliandamana hadi Bunge, na siku chache baadaye Baraza likaupitisha mswada kwa kura 241 dhidi ya 177. Septemba mwaka huo Seneti ilihitaji kura 60 ili kufungua njia ya mjadala. Zilipatikana 57.

Kura 3! Kila nikiisoma hesabu hiyo nauma vidole. Mwaka 2009 Seneti iliupitisha kwa kura 61 dhidi ya 37, lakini Seneta John Ensign wa Nevada alikuwa ameupachika kifungu cha kufuta sehemu kubwa ya sheria za DC za kudhibiti bunduki. Wakazi wakawekwa mbele ya uchaguzi wa kikatili, yaani wapate mwakilishi na wapoteze sheria walizojitungia kulinda watoto wao. Waligawanyika, na mswada ukaachwa ufe. Mimi siwalaumu waliokataa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimekufuata vizuri, ndugu, lakini naona unaupita haraka upande wa pili. Katiba yao inasema wabunge huchaguliwa na watu wa majimbo, na DC si jimbo. Isitoshe, zaidi ya asilimia 90 ya wakazi huwapigia Democratic. Kuwapa maseneta wawili ni kukizawadia chama kimoja viti viwili vya kudumu. Na kama shida ni uwakilishi tu, kwa nini eneo hilo lisirudishwe Maryland lilikotoka, kama upande wa Virginia ulivyorudishwa?

Mleta uzi

Hoja zako zote tatu ni za kweli, nami nitazijibu moja baada ya nyingine kwa uzito unaostahili.

Kuhusu Katiba, mahakama ililiamua hilo mwaka 2000 katika kesi ya Adams dhidi ya Clinton. Majaji walio wengi walisema kwamba maneno ya Katiba hayawapi nafasi ya kuwapa wakazi wa DC wawakilishi, na Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Hata hivyo majaji hawakusema kwamba hali hiyo ni ya haki. Waliielekeza dawa kwenye uwanja wa siasa. Ndiyo maana mswada wa sasa unataka jimbo liundwe kutokana na mitaa wanamoishi watu, huku eneo dogo lenye jengo la Bunge, Ikulu na uwanja wa National Mall likibaki kuwa makao makuu chini ya mamlaka ya Bunge. Katiba iliweka ukubwa wa juu wa eneo hilo, haikuweka wa chini. Tatizo halisi linalobaki ni Marekebisho ya 23, ambayo yangeliachia eneo hilo tupu wajumbe 3 wa kumchagua Rais, na watetezi wa mswada wanapaswa kulieleza jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko wanavyofanya.

Kuhusu Maryland, tuitazame historia. Alexandria ilirudishwa Virginia mwaka 1846, na mojawapo ya sababu ilikuwa hofu ya wafanyabiashara wa watumwa wa mji ule kwamba Bunge lingeipiga marufuku biashara yao ndani ya Wilaya, jambo ambalo kweli lilifanyika mwaka 1850. Watu weusi wa Alexandria hawakuulizwa. Leo njia hiyo ingehitaji ridhaa ya Maryland, ambayo haijaonyesha hamu, na ya wakazi wa DC, ambao katika kura ya maoni ya mwaka 2016 waliunga mkono jimbo lao wenyewe kwa takriban asilimia 86. Hata jina walikwisha kulipata: Washington, Douglass Commonwealth, kwa heshima ya Frederick Douglass, mtumwa aliyejikomboa na kuishi miaka yake ya mwisho katika jiji hilo.

Kuhusu chama, hapo ndipo penye ukweli mchungu. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada wa jimbo mwezi Juni 2020 kwa kura 232 dhidi ya 180, na tena Aprili 2021 kwa kura 216 dhidi ya 208. Mara ya pili hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeunga mkono, na katika Seneti haukufikishwa hata kwenye kura. Mwaka 1978 jambo hili liliungwa mkono na watu wa vyama vyote viwili. Leo limefungwa ndani ya kimoja. Lakini haki ya raia haiwezi kutegemea chama atakachokichagua. Hapa Afrika hakuna anayesema wakazi wa Nairobi wanyimwe seneta, au wa Dodoma wanyimwe mbunge, kwa kuwa kura zao zinatabirika. Hata Abuja, ambayo haichagui gavana na iko chini ya waziri wa serikali kuu, ina seneta mmoja na wawakilishi wawili wenye kura kamili. Mwaka 2003 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Marekani inakiuka haki ya wakazi hawa ya kushiriki katika serikali yao, na uamuzi huo haukubadilisha chochote.

Yaliyotokea mwaka 2025 yameyaleta haya yote karibu. Mwezi Machi sheria ya muda ya bajeti ya serikali kuu iliilazimu DC irudi kwenye matumizi ya mwaka uliotangulia, pengo la takriban dola bilioni 1, ingawa fedha nyingi zilikuwa za kodi zake yenyewe. Tarehe 11 Agosti Rais Donald Trump alitumia kifungu cha sheria ileile ya 1973 kuwachukua polisi wa jiji kwa siku 30 na kuingiza walinzi wa taifa mitaani. Wakazi walitoka wakigonga masufuria vibarazani jioni, na jina la Free DC, lile la mwaka 1966, limerudi kwenye mabango. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini nawasihi walio karibu nao wawakumbushe kwamba sufuria zinazosikika Petworth hazisikiki Ohio.

Mchangiaji, Silver Spring (Maryland)

Basi tuambie sisi wenye kura tufanye nini hasa, maana wabunge wetu wa Maryland tayari wanauunga mkono mswada.

Mleta uzi

Ndiyo, dada, na kwa sababu hiyo kura yako ya Maryland haina kazi kubwa hapa. Mtandao wako ndio wenye kazi. Watanzania, Wakenya na Wakongo wenye uraia wako Columbus, Houston, Minneapolis na Des Moines, na wengi wao husali katika makanisa na misikiti yenye Wamarekani waliozaliwa huko. Mswada unahitaji kura 60 katika Seneti au mabadiliko ya kanuni zake, na maseneta wa kushawishiwa wanatoka majimbo ya namna hiyo. Wakati wa kuuliza ni kabla ya uchaguzi wa awali, katika mikutano midogo ambako mgombea bado anatafuta watu wa kumbebea fomu na kumgongea milango. Swali liwe moja na liulizwe mbele ya watu: je, ukichaguliwa, utaupigia kura mswada wa kuwapa wakazi wa Washington, DC wabunge wenye kura? Jibu liandikwe, na mwenye kuliandika awe mpiga kura wa jimbo hilo, mwenye msimbo wa posta ambao ofisi ya seneta itaupokea.